Mlima hautupi siku mbili: jamaa na koperative wapange nini mbele ya hatari



Kwa muda wa miaka isiyofika hamsini, volkano Nyiragongo ilimwaga moto mara tatu juu ya vijiji na mji wetu: tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Mara hiyo ya mwisho ilikuwa siku ya posho, magaribi, watu wametoka sokoni na wengine wako mezani. Hakuna tangazo lililotangulia. Wengi walijua tu walipoona mbingu imekuwa nyekundu upande wa Kibati.

Hatuandiki haya ili tutie watu woga. Anayelima chini ya Nyiragongo na Nyamulagira anajua kwamba ni mlima huo huo unaotupa udongo mzuri wa maharagi, viazi, ndizi na mboga. Tunaandika juu ya jambo moja: siku ya hatari, jamaa inapata muda wa kufanya kile ilichokwisha kupanga. Haipati muda wa kuanza kupanga. Na kwa mkulima, kupanga si kukimbia tu. Ni pia kujua mbegu ya msimu unaokuja iko wapi, mbuzi watafunguliwa na nani, na akiba ya kikundi itajulikana namna gani kama sanduku limeungua.

Juu ya nini moto wa Nyiragongo unaenda mbio

Kuna volkano ambazo lava yake ni nzito kama fufu, inasogea pole pole na mtu anaweza kuitangulia kwa miguu. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kama uji. Inapotoka kwenye mteremko mkali inaweza kushinda mtu anayekimbia. Mwaka 1977 ziwa la moto lililokuwa ndani ya shimo la mlima lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, na watu wa vijiji vya chini hawakupata nafasi ya kuondoka.

Jambo la pili: moto hautoki lazima juu kileleni. Mara zote tatu ulitoka kwenye nyufa zilizofunguka ubavuni mwa mlima. Mwaka 2002 nyufa zilishuka mpaka karibu na Munigi, kwenye mlango wa mji. Kwa hiyo kutazama moshi wa kileleni peke yake hakutoshi. Mwanga mwekundu unaoonekana usiku juu ya Nyiragongo ni ziwa la moto, na miaka mingi lilikuwa pale bila kumwagika. Mtu akisema "leo ni mwekundu sana, basi tuhame", au "leo hauonekani, basi tulale", yote mawili hayana msingi.

Jambo la tatu: lava inafuata mabonde kama maji. Ukikaa ndani ya bonde na kukimbia kuteremka, unakimbia kwenye njia yake. Toka pembeni, panda mahali palipoinuka, kisha endelea na safari.

Kile ambacho 2002 na 2021 vilitufundisha

Mwaka 2002 lava ilianza kutoka asubuhi, na usiku ule ule ikawa imepita katikati ya Goma na kufika ziwani. Ilifunika karibu asilimia 13 ya mji na sehemu ya kiwanja cha ndege. Watu zaidi ya 300,000 walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, wengine wakienda Sake. Mji ulikatwa vipande viwili. Baba aliyekuwa upande wa magharibi na mama aliyekuwa upande wa mashariki walitafutana kwa siku nyingi.

Mwaka 2021 lava ilisimama karibu na mji, Buhene, lakini vijiji vya teritware ya Nyiragongo viliungua. Nyumba zaidi ya 3,000 ziliharibika na watu zaidi ya 30 walikufa. Barabara ya Goma–Rutshuru ilikatwa, na mboga na maharagi ya kaskazini hayakuweza kufika sokoni kwa njia ya kawaida. Tangi kubwa la maji la Buhene na mabomba yake yaliguswa, na kartiye nyingi za Goma zikakosa maji. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi aliamuru kartiye 10 kati ya 18 za mji zihame, juu ya woga kwamba moto uko chini ya mji na chini ya ziwa. Watu mia kwa maelfu walijaa Sake, Minova na Rutshuru, na wengine walivuka kwenda Rwanda. Wengi walirudi mwezi wa sita tu.

Tuangalie vizuri namna watu walivyokufa, kwa sababu hapo ndipo kuna somo. Si wote waliguswa na lava. Mwaka 2021 kuna waliokufa kwenye ajali za barabarani wakati wa kukimbia. Kuna waliokufa siku zilizofuata kwa kupita juu ya lava iliyoonekana imepoa, na gesi ikawaua. Mwaka 2002 kuna waliokufa kwenye kituo cha mafuta kilicholipuka, wakiwa pale kuchota mafuta wakati lava ingali moto karibu yao. Na mwaka 2021 mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao njiani. Vifo na mateso ya namna hii yanaweza kupunguzwa na jamaa yenyewe, hata kama hakuna anayeweza kusimamisha mlima.

Mapatano ya nyumbani

Jamaa ikae pamoja jioni moja, wote, na watoto ndani yake. Saa moja inatosha. Wapatane juu ya mambo haya:

- Mahali pawili pa kukutania. Si pamoja. Moja upande wa magharibi, kwa mfano kwa ndugu fulani Sake au Minova. Moja upande wa mashariki au kaskazini. Barabara ikikatwa, kila mtu anajua aende kwenye sehemu ya upande wake na angoje pale.
- Nani anashika nani. Kila mtoto mdogo awe na mtu mkubwa mmoja aliyetajwa kwa jina. Mzee asiyeweza kutembea awe na kijana wake, na ijulikane kama atabebwa mgongoni, kwa chukudu ao kwa pikipiki ya jirani. Mzigo wa mali unakuja nyuma ya mtu, si mbele yake.
- Jina na namba ya simu juu ya kila mtoto. Kipande cha kitambaa kilichoandikwa kwa kalamu isiyofutika, kimeshonwa ndani ya nguo. Mtoto wa miaka mine anajua kusema "mama", hajui kusema jina la mama.
- Namba ya mtu wa mbali. Ndugu wa Bukavu, Butembo ao Beni ambaye wote wanajua namba yake kwa kichwa. Mtandao wa Goma ukilemewa, kila mmoja anamtumia yeye ujumbe mfupi, na yeye anaunganisha jamaa.
- Mfuko ulio tayari karibu na mlango. Karte ya kila mtu, karatasi za shamba, karatasi za watoto za kuzaliwa na za chanjo, vyote ndani ya mfuko wa plastiki. Dawa za mgonjwa. Taa, radio ndogo na batri. Bidoni ndogo ya maji, dawa ya kusafisha maji, blanketi, sufuria moja, chakula cha siku mbili kisichohitaji kupikwa sana. Mfuko ukipita nguvu ya mtu mmoja kuubeba, upunguzwe.

Mapatano haya yarudiwe mwanzoni mwa kila msimu, wakati ule ule wa kutayarisha jembe na mbegu. Watoto wanakua, namba za simu zinabadilika, ndugu anahama.

Mbegu: bidoni mbili, pande mbili

Tarehe 22 mwezi wa tano inaangukia wakati ambapo maharagi ya msimu B yanakaribia kuvunwa au yameanza kuvunwa. Mbegu ya msimu A, ile ya kupanda mwezi wa tisa, inatoka kwenye mavuno hayo. Jamaa iliyopoteza nyumba na mavuno mwezi wa tano, mwezi wa tisa haina kitu cha kupanda. Msaada wa chakula unafika mara nyingine. Msaada wa mbegu unafika ukiwa umechelewa, ao unafika na aina isiyopenda udongo wako. Kupoteza mbegu ni kupoteza msimu mzima baada ya hatari kwisha.

Hesabu si kubwa. Kwa robo ya hektari ya maharagi mafupi unahitaji mbegu ya kilo 15 mpaka 20 hivi. Bidoni ya litri 20 inaingia karibu kilo 15 za maharagi makavu. Basi bidoni mbili zinatosha kwa jamaa nyingi. Tunashauri moja ibaki nyumbani na nyingine iwekwe mahali pengine: kwa ndugu ao kwenye depo ya koperative iliyo upande mwingine wa barabara, mahali ambapo lava moja haiwezi kufikia zote mbili kwa siku moja.

Lakini bidoni iliyofungwa vizuri inaoza mbegu yenye unyevu. Fanya hivi:

1. Chagua maharagi mazima kutoka kwenye mimea iliyokuwa na afya shambani. Usingoje kuchagua kwenye mfuko.
2. Anika juu ya shitingi ao mkeka, si juu ya udongo, mpaka yakauke kabisa.
3. Pima kwa chumvi: weka chumvi kavu kidogo na maharagi machache ndani ya chupa kavu, funga, tikisa, acha kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, maharagi yangali na maji. Rudisha juani.
4. Osha bidoni, ikaushe siku kadhaa na mdomo ukiangalia chini. Isiwe ile iliyobeba mafuta ya gari ao dawa ya shamba.
5. Jaza mpaka juu kabisa, bila kuacha nafasi ya hewa. Wadudu waliobaki ndani wanakufa kwa kukosa hewa. Funga kwa nguvu na usifungue kila wiki kuangalia.
6. Andika aina, msimu na jina la mwenyewe.

Kwa viazi na mihogo bidoni haisaidii. Huko akiba yako ni shamba la pili. Kama koperative ina kiwanja mahali pawili, mbegu ya viazi na miti ya mihogo igawanywe pande zote mbili, hata kama upande mmoja ni mistari michache tu. Mateke na ndizi pia zinaweza kuzalishwa upya kutoka kwa jirani wa mbali, mradi mmekwisha kupatana naye mbele.

Depo ya koperative nayo isiwe sehemu moja tu. Tunajua depo mbili zinaleta shida ya mlinzi na funguo. Lakini si lazima kujenga nyumba ya pili. Koperative mbili za pande tofauti zinaweza kubadilishana: "Sisi tunawachungia magunia kumi ya mbegu, ninyi mnatuchungia kumi." Liandikwe, litiwe sahihi na komite zote mbili, na kila msimu mbegu ya zamani iliwe au iuzwe na mpya iwekwe.

Mifugo: fungua kamba

Swali linalorudi katika mikutano ni hili: "Na mbuzi wangu je?" Ni swali la kweli. Mbuzi mmoja ni masomo ya mtoto muhula mzima. Jibu letu ni gumu lakini liko wazi: mtu asirudi nyuma kwa ajili ya mnyama. Kinachowezekana ni kukata kamba na kufungua mlango. Mnyama aliyefunguliwa mara nyingi anatafuta njia mwenyewe. Aliyefungwa anaungua pale alipo. Katika mapatano ya nyumbani, jina la mtu mmoja liandikwe kwa kazi hiyo, kama muda upo. Kuku, sungura na dende wanaweza kuingia ndani ya kikapu. Nguruwe na ng'ombe hawabebeki, wafunguliwe.

Wanyama waliofunguliwa wanachanganyika, na baada ya hatari mabishano yanaanza. Kwa hiyo weka alama sikioni, na sekreteri wa koperative awe na daftari ya wanyama wa kila memba: aina, rangi, alama. Daftari hiyo ndiyo itasema mbuzi ni wa nani.

Sanduku la AVEC na karatasi za koperative

Sanduku la AVEC lina funguo tatu kwenye mikono mitatu. Hiyo inalinda dhidi ya mwizi. Hailindi dhidi ya moto, na wakati wa kuhama wenye funguo watatu wanaweza kujikuta mmoja Sake, mmoja Rutshuru na mmoja Gisenyi. Tunapendekeza vitu vitatu:

- Kila mkutano ukimalizika, ukurasa wa hesabu upigwe picha kwa simu na utumwe kwa watu wawili wasiokaa kijiji kimoja. Bila simu nzuri, kila memba arudie kwa sauti akiba yake na deni lake mbele ya wote, kama AVEC nyingi zinavyofanya tayari.
- Pesa nyingi zisilale ndani ya sanduku. Zile zisizokopeshwa ziwekwe kwenye akaunti ya simu ya kikundi, na namba ya siri igawanywe kati ya wamemba wawili ao watatu.
- Kanuni iandikwe leo: tukihama, deni linasimama miezi mingapi? Mfuko wa jamii unatoa kiasi gani kwa memba aliyeunguliwa nyumba? Kujadili hayo baada ya hatari, katikati ya machozi, kunavunja vikundi.

Majivu na mvua inayounguza majani

Hata bila lava, mlima unatugusa. Nyamulagira inaamka mara nyingi kuliko Nyiragongo, na moshi wa milima hiyo miwili mara nyingi unapelekwa na upepo upande wa Rusayo, Sake na Masisi. Mvua ikipita ndani ya moshi huo inashuka ikiwa kali. Majani ya maharagi, mateke na mboga yanapata madoa na kukauka kama yaliyounguzwa. Vilivyo chini ya udongo, viazi na mihogo, vinateseka kidogo zaidi.

Hatari kubwa iko kwenye maji ya kunywa. Juu ya mawe ya volkano maji hayasimami, yanazama. Kwa hiyo wengi wetu tunakunywa maji ya mvua ya paa. Majivu na moshi vinaweka ndani yake floraidi, ile inayochafua meno ya watoto na, kwa muda mrefu, kuumiza mifupa. Tafadhali shikeni hili: kuchemsha kunaua vidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, inazidi kuwa nyingi. Dawa ya klori nayo haiiondoi.

Mlima ukitoa moshi mwingi ao majivu:

- Toa bomba la paa kwenye tangi na funika tangi. Mvua ya kwanza isafishe paa na imwagike chini.
- Kama kuna maji ya bomba ao ya chemchemi karibu, watoto na wamama wenye mimba watumie hayo kwanza.
- Osha mboga mara kadhaa mbele ya kupika. Majivu hayafanyi mboga kuwa sumu kama yameoshwa vizuri.
- Usiwape wanyama majani yenye majivu. Katisha majani, yaoshe, ao tumia yaliyohifadhiwa.
- Majivu machache shambani yachanganywe na udongo wakati wa kulima. Usiache yawe ganda gumu juu ya mbegu.
- Unapofagia, funika pua na mdomo, na loanisha majivu kidogo.

Mazuku: hewa inayoua bila moshi

Mazuku haingoji volkano ilipuke. Ni gesi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi na haina harufu ya kukuonya. Inajikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa upande wa Bulengo, Mugunga, Sake na kando ya ziwa. Ni mbaya zaidi usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo. Mtu mkubwa aliyesimama anaweza kuwa salama na mtoto ao mbuzi karibu naye akaanguka, kwa sababu pua zao ziko chini.

Alama zake ni ndege, panya ao wadudu waliokufa bila kidonda, na majani yaliyokauka katika shimo wakati ya pembeni ni mabichi. Usifunge mbuzi mahali pa namna hiyo. Usijenge pale, usilalie pale, usichimbe choo bila kuuliza wenyeji. Usitegemee kupima kwa kibiriti: gesi inaweza kukulegeza wakati moto ungali unawaka. Na mtu akianguka ndani, usiruke kumfuata. Mara nyingi mazuku inaua wawili watatu kwa njia hiyo. Tupa kamba, mvute kutoka juu, ita watu. Koperative inaweza kufanya kazi moja ndogo ya salongo: kuzungushia mashimo yanayojulikana miti na kitambaa chekundu, na kuwaonyesha watu waliohamia kijijini karibuni. Wageni hawajui, na ndio wanaopewa viwanja vya chini.

Maji ya milima: somo la Kalehe

Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua kubwa ilishusha milima ya Kalehe, Kivu ya Kusini, kwenye barabara yetu ya kwenda Bukavu. Vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilifunikwa na matope na mawe. Watu zaidi ya 400 walikufa. Ilikuwa siku ya ine, siku ya soko Nyamukubi, na watu walikuwa wengi kando ya mto.

Sisi tunaolima milima ya Masisi na kando ya ziwa tuna hali ile ile: mteremko mkali, miti imekatwa, na nyumba kwenye midomo ya mito juu ya kukosa nafasi tambarare. Kazi ya miaka ni miti na majani yanayoshika udongo: kaliandra, lesena na majani ya mifugo kwenye mistari inayokata mteremko. Yanalisha mbuzi na yanashika shamba. Lakini kama mlima umekwisha kupasuka nyufa juu ya nyumba, mistari ya majani haitauzuia. Hapo ni kuhama.

Alama za kukimbia: mvua inaendelea kunyesha juu lakini maji ya mto yanapungua ghafla, maana yamezibwa na yatakuja kwa pamoja, maji yanageuka matope mazito, miti inainama, unasikia mngurumo kama wa lori kubwa. Usivuke mto. Panda pembeni, upande uliopo. Usiku wa mvua ndefu, jamaa zilizo chini kabisa zilale kwa jirani wa juu. Hilo pia ni mapatano ya kufanywa mbele, kwa sababu kugonga mlango wa mtu saa nane ya usiku bila mapatano ni vigumu, na wengine wanabaki nyumbani kwa haya tu.

Habari ya kweli na uvumi

Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kile tunachokiita OVG, kinatumia rangi: kijani ni hali ya kawaida, manjano ni kukaa macho, rangi ya chungwa ni kujitayarisha kuondoka, nyekundu ni kuondoka ao hatari imefika. Jueni rangi ya wiki hii. Sikilizeni radio, muulizeni shefu wa kijiji na watu wa Msalaba Mwekundu. Ujumbe wa simu usio na jina la aliyeutoa, usiutume mbele.

Lakini 2021 inatukumbusha kwamba rangi inaweza kuchelewa. Mtu wa Kibati ao Rusayo anayeona ardhi inapasuka, anasikia mngurumo na joto, ao anaona moto ubavuni mwa mlima, asingoje radio. Atoke kwanza, kisha aulize. Na akiisha kutoka, asirudi kupita juu ya lava, hata kama ganda la juu ni jeusi, mpaka wenye kujua waseme njia iko salama.

Kwa mkutano unaokuja wa koperative

Tunaomba kila komite iweke mambo matatu kwenye orodha ya mkutano, na isiachane bila kuandika jibu:

1. Mbegu yetu ya akiba iko mahali pawili? Kama hapana, ni koperative gani ya upande mwingine tutaiandikia, na nani ataipeleka barua?
2. Sekreteri ana daftari ya wamemba, wanyama na akiba, na nakala iko kwa nani nje ya kijiji?
3. Ni jamaa gani zetu zina mgonjwa, mzee, mjane peke yake ao watoto bila wazazi? Kwa kila moja, ni memba gani atapita kwao kwanza?

Orodha hiyo ya tatu ndiyo fupi zaidi, na ndiyo inayosahauliwa. Mtu mwenye miguu mizuri na simu atapata njia. Mama mwenye mapacha na bibi asiyeona anahitaji jina la jirani lililoandikwa. Wahamasishaji wetu watapita msimu huu kwenye makoperative kusaidia kujaza daftari, na wataleta mfano wa mapatano ya kubadilishana mbegu. Msiwangoje ili muanze. Mapatano ya nyumbani hayana bei, na yanaweza kufanywa leo magaribi, mkiisha kula.